Fungua, Mpenzi

Rafiki yangu mmoja hutafsiri filamu za video kwa sauti yake. Jasusi ni yeye, kimwana ni yeye. Mkewe alipougua kifua, alimfungia chumba cha nyuma kwa komeo, kikohozi kisije kikaingia kwenye kanda. Kila alipoita, alijibiwa: "Nyamaza, niko kazini." Akafia humo.

Baada ya mazishi akamalizia filamu ya jasusi na mpenzi wake. Jasusi anabisha mlango gizani: "Fungua, mpenzi. Ni mimi."

Alipoirudisha kanda kuisikiliza, baada ya maneno hayo komeo likalia. Akaizima sauti ya filamu, akaacha yake tu. Miguu ikaburuzika sakafuni, kikohozi kikaja karibu kabisa na kipaza sauti, kisha mkewe akanong'ona: "Nyamaza. Niko kazini."