Soko Jekundu la Homa Bay

Kila asubuhi Eucabeth alitandaza neti sokoni Homa Bay, akaanika omena, dagaa wa ziwani. Kando yake mama mkwe wake, Phelesia, aliuza ndizi.

Zamani soko lilikuwa na miti kumi na miwili. Wauza omena hawakuipenda hata kidogo. Kivuli kilichelewesha omena kukauka, na ndege walikaa juu wakichafua ovyo. Wakaandikia kaunsili ya mji barua: ikateni yote! Eucabeth alikuwa wa kwanza kuweka dole gumba.

Miti tisa ikakatwa. Kaunsili ikamwaga simiti na kuezeka mabati. Kiangazi cha mwaka 1995 soko likawa na joto kama tanuri, na ikifika mchana wateja walikimbia. Siku moja saa sita mchana Phelesia alianguka juu ya ndizi zake. Hospitalini daktari alisema ni joto, na likimpata tena litamuua.

"Nikae nyumbani nile ukuta?" Phelesia aliuliza. "Nitarudi sokoni."

Eucabeth alijilaumu sana. Akaenda kwa Bwana Gisiri, karani wa kaunsili.

"Msikate ile miti mitatu iliyobaki," alisema. "Joto la soko litamuua mama mkwe wangu."

"Mama, si mliomba wenyewe? Dole lako hili hapa. Na joto ni la Mungu. Homa Bay yote inaungua."

Bibi Nyarangi, mpima ardhi wa wilaya, alikuwa mteja wa Eucabeth. Aliposikia habari hizo, alimletea picha kubwa ya karatasi.

"Hii imepigwa na setilaiti," alieleza. "Ni mtambo unaozunguka dunia huko juu angani. Hupita hapa kila baada ya siku kumi na sita na kupima joto la ardhi. Buluu ni baridi, kijani ni joto la wastani, nyekundu ni moto."

"Kwa hivyo hili la buluu ni ziwa?"

"Ndiyo. Kijani hiki ni misheni, kule kwenye miti mingi."

"Na hii nyekundu, Madam?"

"Soko lenu. Jua ni lile lile, lakini simiti na mabati yenye kutu hushika joto. Miti hutia kivuli, na unyevu wa majani yake hupoza hewa. Mahali pa mji palipo na joto hivi huitwa kisiwa cha joto."

"Yawa! Na miti yetu mitatu iko wapi?"

"Haionekani. Kidoa kimoja cha picha hii hufunika eneo kubwa kama uwanja wa mpira. Miti mitatu ni michache mno."

Eucabeth akapandwa na hasira. "Haionekani? Basi tutapanda mpaka ionekane!"

Kesho yake wanawake arobaini waliingia ofisini kwa Gisiri. Eucabeth akatandaza picha mezani.

"Dole ni langu, na leo naliondoa. Mungu hakumwaga simiti sokoni. Mlimwaga nyinyi, kwa kuombwa na sisi. Sisi tunakubali tulikosea. Wewe je?"

Gisiri aliinamia picha. "Na omena mtaanika wapi?"

"Ufuoni, kwenye jua na upepo. Tumeshahama. Na ukituma mtu na shoka, atatukuta tumekaa chini ya ile miti."

Shoka halikuja. Wanawake walipanda miche sitini sokoni na kando ya barabara. Kila mmoja alimwagilia yake kwa maji ya ziwa, kiangazi baada ya kiangazi.

Mwaka 1999 Nyarangi alileta picha mpya. Pale sokoni wekundu ulikuwa umefifia, ukawa rangi ya chungwa.

"Bado si kijani," Eucabeth alisema. "Tutaongeza miche."

"Ongezeni," Phelesia alijibu, akimfungia mteja ndizi. "Lakini kwanza nisaidie kuuza. Ni saa nane mchana, na watu wamejaa."