Marahaba Iliyowahi

Inspekta Onesmo Maduhu alikuwa amepiga magoti, akikunjua vidole vya maiti kimoja kimoja. Juu yake mnara wa simu wa kambi ya wachimba dhahabu ya Nyarugusu ulimeremeta kwa rangi nyekundu iliyopakwa jana yake.

"Alianguka," alisema Mageni, meneja wa kambi. "Nilimwonya huyu Donatus. Fundi mzuri, lakini pupa tupu."

Inspekta aliinuka. Aligusa chuma cha mnara. Kidole kikatoka chekundu. Akavigeukia tena viganja vya marehemu. Vilikuwa safi.

"Bwana Mageni, mtu anapandaje ngazi hii bila kuishika?"

"Mimi nitajuaje? Nimefika mchana huu, asubuhi nilikuwa Shinyanga. Muulize Paskazia. Nilimpigia kutoka dukani huko kwa tajiri wa machimbo kabla duka halijafunguliwa."

Jeraha lilikuwa kisogoni. Spana ya fundi ilikutwa kichakani, ina damu kwenye shingo yake. Inspekta aliitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaagiza mwili upelekwe hospitali kwa uchunguzi. Fundi hakupanda mnara. Alipigwa akiwa chini. Na nani? Hilo hakutaka kuliharakisha.

Ofisini alimkuta Paskazia, karani wa simu, macho yamevimba. Kwenye benchi la mlangoni alikaa mwanamke aliyejifunga kanga nyeusi.

"Huyo ni Mama Shija, Apolonia," alisema Paskazia kwa sauti ya chini. "Mumewe alifukiwa kwenye duara namba tatu, shimo la dhahabu, wakati wa masika. Leo Donatus alikuwa amuunganishie simu aongee na tajiri mwenyewe."

"Kuhusu nini?"

Apolonia alijibu mwenyewe. "Nataka mifupa ya mume wangu. Huyo Mhindi alikataza shimo lisifukuliwe. Nataka aniambie mimi, kwa mdomo wake."

Inspekta akavuta kiti. "Nieleze simu hizi, Paskazia. Taratibu."

"Hizi za mkononi ni za kambi. Zamani zilisikizana humu humu tu, kwa mnara. Donatus akaziunganisha na hii seva." Alionyesha kompyuta iliyokuwa ikinguruma chini ya meza. "Sauti inaingia humu, inapita kwenye intaneti kwa lile dishi la setilaiti, inatokea kwenye kompyuta ya dukani. Wazee walisema ni uchawi."

"Nipigie dukani."

Paskazia alibonyeza. "Shikamoo, mzee Mohamedali." Akanyamaza, macho darini. Kimya kilikuwa kirefu hata Inspekta akadhani simu imekatika.

"Marahaba, binti," ilikuja sauti ya mzee kwenye spika.

"Mbona inachelewa?" Inspekta alimuuliza Paskazia.

"Ya Shinyanga ndivyo ilivyo. Ni kama kutupa jiwe kwenye duara, unangoja lifike chini. Mwanzoni tuligombana sana. Unaamkia, huitikiwi, unadhani umedharauliwa. Sasa tumezoea. Unasalimia, unasubiri."

Inspekta aliichukua simu. "Mzee, kwa nini ulikataza duara namba tatu lisifukuliwe?"

Wakasubiri.

"Mimi? Mageni aliniambia lilikuwa tupu, Bwana Inspekta. Mimi nilikataza watu wasiingie humo wakati wa mvua, basi. Kuna mtu ndani?"

Apolonia alisimama.

Inspekta aliiweka simu mezani polepole. "Paskazia, asubuhi Mageni alipokupigia, mlisemaje? Nirudishie kama ilivyokuwa."

"Kioo kilionyesha namba ya dukani. Nikasema shikamoo, akasema marahaba, fundi kashapanda mnara? Nikasema..."

"Hukusubiri."

"Eti?"

"Shikamoo, marahaba. Hukuangalia dari."

Paskazia alifunika mdomo. "Aliitikia hata sijamaliza! Alikuwa humu humu kambini."

"Na namba ya dukani?"

"Donatus alitengeneza simu moja ya mkononi yenye namba ile, ya tajiri akija kambini. Anaitunza meneja."

Waliikuta kwenye gari la Mageni, chini ya kiti. Inspekta alipoibonyeza, kioo cha simu ya Paskazia kiliandika namba ya duka.

"Simu si ushahidi," alisema Mageni alipoletwa ofisini. "Mashine hukosea."

"Spana itachunguzwa alama za vidole. Tuanze na duara. Nani aliwaingiza watu wakati wa mvua?"

"Walijiingiza."

"Bila kamba yako? Bila winchi yako?"

Mageni alimtazama Apolonia, kisha akatazama viatu vyake. Alipoanza kusema alisema kama mtu aliyechoka kubeba mzigo.

"Ningesema wamo, tajiri angeuliza nani aliwaingiza. Nikamwambia ni tupu. Wachimbaji nikawaambia tajiri kaamuru lifungwe. Nani angewakutanisha? Wao huku, yeye kule, katikati mimi. Halafu akaja huyu kijana na seva yake. Nilimwomba, mwanangu, simu ya wachimbaji iache. Akacheka. Akasema, 'Mzee, kila mtu ataongea na amtakaye.' Akanigeuzia mgongo aokote waya."

"Ulipolifunga," aliuliza Apolonia, "walikuwa wamekufa?"

Mageni aliendelea kutazama viatu vyake.

"Nakuuliza, Mageni."

"Walikuwa wanagonga."

Konstebo alimfunga pingu. Apolonia hakulia. "Nimekuwa nikimlaani Mhindi wa watu tangu masika," alisema, "na wewe nikikuamkia kila asubuhi. Na ukiitikia."

Alasiri ile wachimbaji walianza kufukua. Udongo ulikuwa mzito, na magogo ya kuegemeza kuta yakawaishia kabla hawajafika mbali. Jua lilipoanza kuzama, kiongozi wao alipanda juu akiwa na tope hadi kifuani.

"Mayu, mama yetu, tukiendelea hivi tutafukiwa na sisi," alimwambia Apolonia. "Kesho tutakata magogo mengine."

Ofisini, simu iliyokuwa iwe ya wachimbaji ilibaki mezani, haijaunganishwa. Kesho Inspekta angetafuta fundi mwingine.

Alipopita shimoni kuaga, alimwona Apolonia ameinama, ameokota jiwe. Akagonga gogo la juu, akaweka sikio.

Akasubiri, kama watu wanavyosubiri simu ya Shinyanga.