Karibuni ya Kompyuta Namba Nne

"Hapa mtu anasoma vipi?" Zakiya aliuliza, akikusanya pindo la buibui lake lisikanyagwe. Duka la kompyuta la Uthman, karibu na soko la Malindi, lilijaa watu wa kujaza fomu. Jasho na udi vilinukia pamoja.

"Hili ni duka, bibie, si maktaba," Uthman alimjibu. "Lakini namba nne iko wazi. Karibu."

Zakiya alisoma chuoni Kilifi, akiandika utafiti juu ya samaki wa ufuo wa Kuruwitu. Alitaka programu ndogo ya kupaka rangi maneno ya kwenye mtandao, kama mtu apakavyo kitabu. Akachagua moja. Uthman akachungulia, akaguna.

"Hii siyo! Kila unachopaka inakipeleka kwa watu hata hatuwajui. Chukua ile ya pili, inaweka humu humu ndani ya kompyuta."

"Lakini ya kwanza ina rangi saba!"

"Nawe una siri ngapi?"

Zakiya akachukua ile ya pili, akacheka. Jamani, kicheko kile kilimmaliza Uthman!

Miezi ikapita, simu haziishi. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, bwana mlinzi." Hata siku moja Uthman akakaza roho: "Zakiya, niwalete wazee kwenu?"

Kwa haya, binti hakuweza kutamka. "Jibu nitakupakia rangi. Namba nne, ukurasa wa wavuvi wa Kuruwitu. Utazame kesho asubuhi."

Jioni ile, Uthman alipokwenda kuswali, Zakiya akaingia dukani, akalipaka njano neno moja lililoandikwa juu ya ukurasa: *Karibuni*. Akaufunga mtandao, akatoka.

Asubuhi Uthman akafungua. Ukurasa mweupe, hata doa hakuna. Amenikataa kwa adabu, akawaza, na simu za Zakiya hakuzipokea tena. Zakiya naye alilia: "Nimemkubali, naye ananikimbia!"

Wiki ya tatu ikaja posa ya mtu mwingine, kutoka Mombasa. Baba yake Zakiya angemuuliza Ijumaa kama anaridhia. Alhamisi Zakiya akaingia dukani, macho mekundu.

"Uthman, mimi ni wa kuchezewa?"

"Si wewe uliyenikataa?"

"Nilipaka *Karibuni*!"

"Palikuwa peupe, wallahi!"

Akaketi namba nne, akapaka tena mbele yake. "Haya, funga. Fungua." Rangi ikawa imetoweka.

Uthman akajishika kichwa. Kompyuta zote alizitilia mlinzi, programu nyingine inayofuta kila kilichowekwa humo ndani mtandao unapofungwa, mteja wa leo asione mambo ya mteja wa jana. Mganga hajigangi!

"Nimelifuta jibu langu kwa mikono yangu," alisema. "Nisamehe, Zakiya. Nimeteseka."

"Ile ya rangi saba ingetuokoa," Zakiya alisema, akicheka huku akifuta machozi. "Walete wazee kesho. Usichelewe."

Ijumaa wazee wakafika. Baba akaingia ndani kumuuliza bintiye kuhusu posa hii ya Uthman, kama ilivyo ada. Na kwa ada, mwanamwali akinyamaza ameridhia. Mama akamtazama, akitarajia ainamishe kichwa tu.

Lakini Zakiya alikwisha kujua kimya kinavyoumiza.

"Ndiyo, baba," alisema, kwa sauti iliyofika hadi barazani alikokaa Uthman na wazee wake. "Namtaka. Na aisikie kwa masikio yake, maana hii haifutiki."