Ufunguo wa Choo

Walikutana soko la Cibitoke, furushi la vitenge la Miza lilipomdondokea Amjad mguuni. Miza, mshonaji aliyeachika, alivaa gauni la buluu na mtandio wa dhahabu. Amjad, muuza vipuri aliyefiwa na mkewe, alivaa shati lililopigwa pasi likapigika.

"Unavunja watu miguu, mama?"

"Mumoja tu. Ule mwingine uko muzima, utakuleta kwangu."

Ukamleta kweli. Simu asubuhi, simu jioni, cheri huku, roho yangu kule. Amjad hakuficha kwamba alitibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi, akapona. Alichoficha ni kilichobaki: mionzi ilimuunguza utumbo, na haja ikimshika haisubiri. Ndiyo maana alikata simu ghafla. "Nitakupigia, cheri," halafu kimya.

Akaja kuposa nyumbani kwa Miza, mtaa wa Musaga. Walikaa sinia moja na ndugu za Miza, na kwa watu hawa kumwacha mwenyeji kwenye sinia kabla hajanawa ni kumtukana. Amjad alimeza matonge matatu, akainuka, akatoka mbio bila kuaga. Jaffar, kaka mtu, akacheka mpaka wali ukampalia. "Bwana arusi amekukimbia."

Miza hakulia. Alichemka. Alizikumbuka simu zote zilizokatwa, akaona jambo moja tu: mwanamke. Basi atamkomesha mbele ya walewale waliomwona akiaibika.

"Njo Ijumaa, roho yangu," alimwambia kwenye simu, sauti tamu. "Wote watakuwako."

Ijumaa alipika maharage yenye pilipili ya kutosha kumtoa mtu jasho. Alimkalisha Amjad ukutani, akafunga geti, akafunga na choo asije akapata kisingizio, funguo akazifunga kwenye pindo la kanga.

Tonge la pili tu, Amjad akainuka.

"Miza, fungua."

"Apana. Sema kwanza. Mwanamuke wako anaitwa nani?"

"Hakuna mwanamuke."

"Basi unakimbia nini?"

Amjad aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Choo," akasema. "Mionzi iliniunguza tumbo. Ikinishika, siwezi kuizuia. Siku ile nilijichafua pale mulangoni kwenu. Natembea na suruali ya pili, mwaka muzima sasa."

Jaffar akaanza kucheka.

Miza alilivamia fundo la kanga. Halikufunguka. Alilivuta kwa meno, akakimbilia choo, akafungua, lakini Amjad alikuwa amechelewa. Kisasi alikipata chote, na alitamani kukitapika.

Alimpelekea ndoo ya maji, sabuni na mfuko wake wenye ile suruali ya pili, akasimama nje ya mlango.

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuwa na haya. Mutu muzima kama mimi."

"Daktari anajua?"

"Alisema kuna dawa, nirudi. Sikurudi."

"Siku ya lundi, Jumatatu hii, tunarudi wote wawili."

Maji yalimwagika, kisha yakanyamaza.

"Miza, bado unanitaka?"

"Mi ndiye niliyekufungia. We ndiye wa kuulizwa."

"Mi nakutaka. Hata leo."

"Basi toka taratibu. Nakungoja."

Jaffar alikuwa angali anacheka, mkono kwenye sinia. Miza aliingia, akaliinua lote, maharage na wali, kabla kaka yake hajanawa.

"Miza, sijashiba."

"Najua," akasema, akafungua geti wazi. "Nenda ukacheke kwako."