Orodha Isiyo na Mtoto

Kila asubuhi ya likizo, Kidole alifuatana na mama yake mdogo, muuguzi, hadi zahanati. Jina hilo alipewa na wenzake darasani kwa kuwa huchapa kwenye kompyuta kwa kidole kimoja tu. Lakini msimcheke! Kwa kidole hicho hicho alikuwa ameandika programu ya chanjo: mzazi akijiandikisha, jina la mtoto linaingia kwenye orodha ya siku, na muuguzi anaambiwa kama afungue chupa ya chanjo.

Chupa moja hutosha watoto kumi. Ikishafunguliwa, jioni inatupwa, hata kama hakuna aliyechanjwa. Na leo kwenye friji ilibaki moja tu.

"Watoto wapo. Fungua chupa," skrini iliandika.

Mama mdogo alichungulia nje. Mabenchi yalikuwa matupu. "Wapo wapi?"

Kidole akafungua orodha. Hakuna jina hata moja! Akafumba macho, akafumbua. Bado hakuna. Lo, mashine imerogwa? Akausoma mstari aliouandika mwenyewe: orodha ikiwepo, sema watoto wapo. Haya, orodha ipo. Watoto hawapo. Kichwa kikamzunguka.

"Labda wako njiani," mama mdogo alisema, chupa mkononi. "Si uliniambia umeijaribu kila namna? Basi nafungua."

Kidole akahisi uso unawaka kwa aibu. Aliijaribu kwa majina matano, akaijaribu kwa ishirini. Kwa siku isiyo na mtoto hakuijaribu kabisa.

"Usifungue, mama mdogo! Nilikudanganya. Sikujaribu yote."

Mkono ukasimama. "Tatizo ni nini?"

"Hata sielewi! Orodha ipo, lakini haina mtu!"

Muuguzi akamsogezea kisinia cha sindano. "Hiki kipo?"

"Kipo."

"Kina sindano?"

"Hakina... Ahaa! Mimi niliuliza kama kisinia kipo. Sikuhesabu kilichomo!"

Akaufuta mstari, akaandika mwingine: hesabu majina kwanza, yakiwa sifuri, usifungue. Akabonyeza.

"Hakuna mtoto. Usifungue," skrini iliandika.

Mama mdogo akairudisha chupa kwenye friji. "Kesho wamejiandikisha watoto wanane. Wangekosa chanjo."

Kidole akainamisha kichwa.

"Kukosea hata mimi hukosea," mama mdogo alisema. "Ila ukisema umejaribu, uwe umejaribu kweli. Hiyo kompyuta mimi siijui, mwanangu. Niliyemwamini ni wewe."