Seremala Aliyeonea Wivu Mlango Uliofungwa

Ndugu zangu, sogeeni niwasimulie yaliyoikuta nyumba moja iliyokuwa tulivu. Asubuhi hiyo Baba Pacha, seremala, alikuwa uani akipiga randa ubao, na mkewe, Mama Pacha, akipangusa viti viwili vya chumba cha mbele. Mama Pacha alikuwa mshauri nasaha aliyejitegemea. Watu wenye majonzi walikuja, wakafunga mlango, wakaongea naye, wakatoka nyuso zimekunjuka.

Mwanzoni Baba Pacha alijivunia. Kisha wivu ukaanza kumla polepole. Mle ndani anacheka na nani? Na mbona akija mezani yuko kimya?

Kilichomchoma zaidi ni mzee mmoja, mshauri mkongwe aliyemsimamia mkewe kikazi, kama ilivyo desturi ya washauri. Kila mwezi Mama Pacha alikwenda ofisini kwake kuzungumzia jinsi kazi inavyokwenda na inavyomlemea.

"Mizigo ya watu ni mizito, Baba Pacha," alimweleza. "Nami nahitaji pa kuitua."

"Kwani mimi mumeo sitoshi?"

"Kwa yangu unatosha. Ya watu si yangu kukugawia."

Jibu lilikuwa zuri, ila yeye alisikia jambo moja tu: kwamba amefungiwa nje.

Siku moja akaja dereva wa lori, mwanamume mtanashati, viatu vinang'aa. Baba Pacha akaweka randa chini, akanyata hadi dirishani, akatega sikio.

"Sijawahi kumwambia mtu," sauti ya kiume ilikuwa ikisema taratibu. "Ni wewe tu ninayeweza kukwambia."

Damu ikamchemka. Akausukuma mlango kwa bega.

Dereva alikuwa ameinama, analia, uso ameuficha viganjani. Mama Pacha alikaa ng'ambo ya meza, mikono mapajani. Dereva alijifuta, akachukua kofia yake, akampita Baba Pacha bila kumtazama.

Baadaye Mama Pacha alimpigia simu yule dereva kumwomba radhi.

"Nilijaribu, mama," akajibu. "Sitajaribu tena."

Alichotaka kusema hakijulikani hadi leo.

Habari zikaenea, viti vikakaa vitupu. Mama Pacha alimweleza msimamizi wake yote bila kuficha, wakakubaliana akifunge chumba kile, atafute pa kufanyia kazi mbali na nyumbani.

"Nakupenda," alimwambia mumewe, "lakini siwezi kumwita mtu aje alie mahali ulipo wewe."

Hapo ndipo Baba Pacha alipokubali kwenda kwa mshauri mwingine. Alikaa kitini, akafumbua kinywa, akakifumba. Akageuka kuutazama mlango.

"Samahani," akauliza kwa sauti ya chini, "hakuna anayetusikiliza?"

FUNZO

Wenzangu, wivu hutufanya tudhani kwamba kila tusichoambiwa tumeibiwa. Ukiwa na mwenzi ambaye kazi yake ni kusikiliza watu, usimchokonoe. Anaponyamaza anamlinda mtu aliyemwamini, wala hakusaliti wewe. Na ukiona wivu umekukaba, tafuta msaada mapema, kabla hujamnyang'anya asiyekukosea mahali pake pa pekee pa kulilia.