Elfu Kumi na Moja

Gari la shule lilikuwa limekwisha kuiacha Marereni, na Rufaida na Pola walikuwa wamekwisha kununiana. Shule yao ilikuwa na viti vitatu kwenye shindano la hisabati huko Malindi. Viwili vilishapata wenyewe. Mwenye cha tatu kaamka na homa, na sasa kiti chake kilimngoja mmoja wa hawa wasichana wawili wa akiba.

Rufaida alikitaka kwa kufa na kupona. Mamake, bila kungoja uteuzi, alishawatangazia majirani wote wa Mambrui kwamba bintiye anakwenda kushindana.

"Haya, swali moja," alisema Mwalimu Everlyne, akigeuka kutoka kiti cha mbele. "Namba tasa haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Elfu kumi na moja: tasa au si tasa? Na mnieleze kwa nini."

Pola akainua mkono. "Mwalimu, ni elfu zilizo kumi na moja, au ni elfu kumi kisha moja?"

Rufaida akaangua kicheko. "Jamani! Hata kuhesabu hajui, anataka kushindana! Rudi ukavune chumvi na babako!" Akacheka huku akipigapiga kiti, na jibu la mwalimu likampita.

Pola alimtupia jicho kali, kisha akainamia karatasi yake. Akagawanya kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, akaendelea.

"Si tasa!" Rufaida akapaza sauti. "Mimi nimemaliza. We Pola kamua tu, labda yatatoka maziwa."

Walipofika Gongoni ndipo Pola alipoinua kichwa. "Si tasa, Mwalimu. Ni sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba."

"Ameniiga!"

"Rufaida, wewe umeigawanya kwa ngapi?"

"Kwa kumi. Si inaishia na sifuri?"

Mwalimu akaandika kwenye karatasi, akaiinua wote waone: 10,001. "Nionyeshe hiyo sifuri ya mwisho."

Masikio yalimwaka moto Rufaida. "Lakini umesema elfu kumi na moja! Na jibu si ni lile lile?"

"Nimesema, na maneno hayo hubeba namba mbili. Ndiyo maana Pola akauliza, nami nikamjibu: elfu kumi, kisha moja. Wewe ulikuwa ukicheka. Jibu lako limeangukia pazuri kwa bahati, hukulifanyia kazi. Kuuliza si ujinga, Rufaida. Ukimcheka anayeuliza, unajinyima jibu wewe mwenyewe."

"Samahani, Mwalimu."

"Si mimi uliyenitukana."

Rufaida akaitazama barabara. "Samahani, Pola."

"Nimesikia," Pola akasema. Hakusema amesamehe.

Pola ndiye aliyekikalia kiti cha tatu. Shule yao ikawa ya nne. Rufaida alingoja nje, na jioni akamweleza mamake ukweli wote. Mama akakaa siku kadhaa bila kwenda kwa majirani. Mwaka uliofuata Rufaida alipata kiti, na kabla ya kushika kalamu alimwuliza msimamizi maana ya swali la kwanza. Mwalimu Everlyne alihamishiwa Rabai. Pola na Rufaida walimaliza shule pamoja, wakisalimiana. Marafiki hawakuwa.